Dola huangushwa na madeni, au madeni huja dola ikishaanza kuanguka?

#1 Mjukuu wa Magu
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa Magu kwa bibi, tunaezua paa la jiko. Juu ya kenchi tukakuta kopo la maziwa limefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mna sarafu kumi na moja, rangi ya njano iliyofifia kama koki ya bomba la zamani. Upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini herufi T peke yake. Upande wa pili 20 HELLER. Bibi anasema ni za babu yake. Alizificha akiamini Mjerumani atarudi na zitafanya kazi tena. Akazisubiri mpaka akafa.

Nikaja na moja mjini. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, jamaa anayenunua dagaa wa kupeleka Kongo akaigeuzageuza, akasema: "Dola ikianza kutengeneza hela kwa mabaki ya risasi, hiyo imekwisha. Na Marekani naye yuko njiani, deni lake limepita dola trilioni 36."

Tangu hapo sijalala vizuri. Roma, Hispania, Mturuki, Mwingereza: ni deni na sarafu vilivyowaangusha, au vilikuja baadaye kama nzi kwenye kidonda?

#2 Dagaa Mchele
Dola ipi inayoanguka mkuu, ya kwenye bendera au ya kwenye noti? Maana hii ya kwenye noti mwaka 2023 nilizunguka benki tatu nikaikosa.

#3 Kijana wa Mabatini
Natandika mkeka hapa nasubiri wajuzi.

#4 Mwalimu Mstaafu Nyegezi
Mjukuu, hiyo T ni Tabora, na D.O.A. ni Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita ya Kwanza ilipoanza manowari za Mwingereza zilifunga pwani, fedha mpya kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Hizo za hela 5 na hela 20 zilitoka humo, na shaba yake kweli kwa sehemu ilikuwa maganda ya risasi na mizinga. Wakatengeneza na za dhahabu za rupia 15, zina tembo na mlima nyuma yake, dhahabu ikitoka Sekenke huko Iramba. Noti wakachapa humu humu nchini kwa karatasi waliyoipata.

Sasa hebu angalia tarehe. Mwingereza aliichukua Mwanza Julai 1916. Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji Septemba mwaka huo huo. Kwa hiyo sarafu ya bibi yako huenda haikumaliza hata miezi sita ikiwa halali hapa kwetu. Lakini rafiki yako wa Mwaloni kapata nusu tu. Ile sarafu haikuletwa na deni, ililetwa na kufungiwa bahari.

#5 Kijana wa Mabatini
Shikamoo Mwalimu. Ina maana "hela" tunayoitafuta usiku na mchana ni neno la Mjerumani?

#6 Mwalimu Mstaafu Nyegezi
Marahaba. Ndiyo, ni Heller. Tangu 1904 rupia moja ilikuwa hela 100, kabla ya hapo ilikuwa pesa 64. Na pesa yenyewe imetoka India.

#7 Mama Ntilie Igogo
Mjerumani kaondoka zaidi ya miaka mia, hela yake bado tunadaiana 😂

#8 Kapteni wa Goziba
Na waulizeni Waganda. Kwao pesa ni "ensimbi", na simbi ni wale kauri wa baharini waliokuwa wakitumika kama fedha kabla ya mkoloni. Wafanyabiashara wa pwani waliposhusha kauri kwa mizigo, thamani ikaporomoka, mtu akawa anahitaji mafungu na mafungu kununua kilekile. Hakukuwa na benki kuu, hakukuwa na deni la taifa. Mfumuko wa bei ulikuja ukiwa umebebwa kichwani na wapagazi.

#9 Fundi Saa Makoroboi
Turudi kwenye mada. Kwenye Roma jibu liko ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi fedha ni pesa na fedha ni madini. Waroma walichakachua fedha kwa maana zote mbili. Dinari ya kaisari Augusto ilikuwa karibu fedha tupu. Nero mwaka 64 akaipunguza. Septimius Severus akawaongezea askari mishahara na akaishusha hadi karibu nusu. Ilipofika miaka ya 260 chini ya Gallienus, sarafu iliyochukua nafasi yake ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, iliyobaki shaba iliyopakwa juujuu. Mimi napaka saa dhahabu kila siku, najua ile rangi inakaa muda gani kabla mteja hajarudi anafoka.

Hiyo ndiyo dola inavyooza. Kesi imefungwa.

#10 Mhasibu Asiyelala
Fundi usifunge kesi mapema. Mleta mada kauliza deni, na Roma HAIKUWA na deni la taifa kama tunavyolijua. Hapakuwa na hati fungani, yaani zile karatasi za serikali kukopa watu, wala soko la kuziuza. Ndiyo maana walichakachua: aliyeshindwa kukopa alibaki kukwangua sarafu. Deni na kushusha sarafu ni njia mbili za kufanya jambo lile lile, kumlipa askari wa leo kwa jasho la kesho.

Halafu Roma haikuishia hapo. Konstantino alileta solidus ya dhahabu, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, na upande wa mashariki sarafu hiyo ilisimama karibu miaka 700. Magharibi nako walikuwa na solidus hiyo hiyo, na bado wakaanguka 476. Sarafu nzuri haikuwaokoa.

#11 Fundi Saa Makoroboi
Nimekubali la deni. La pili bado.

#12 Muuza Mabondo
Mimi nawacheka tu. Shilingi yetu ilianza 1966. Wakati huo dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kadhaa. Mwaka 1985 bado ilikuwa chini ya 20, mwisho wa 1986 imevuka 50, na 2024 tumeiona ikikaribia 2,700. Imeshuka zaidi ya mara 300. Nchi imeanguka? Nipo hapa Mwaloni nasubiri sangara mwenye bondo (kibofu cha hewa) la maana. Hizo hadithi za sarafu kuua nchi ni chai.

#13 Mhasibu Asiyelala
Muuza Mabondo, sisi hatujawahi kuwa dola ya kutawala wengine, tungeanguka kutoka wapi?

#14 Muuza Mabondo
Hapo umenipiga chini ya mkanda.

#15 Msomi wa Buzuruga
Mnaongelea waliokosa fedha. Zungumzieni aliyekuwa nayo mpaka ikamwagika. Hispania iliupata mlima wa Potosí, Bolivia ya leo, mwaka 1545. Meli kwa meli za fedha. Na bado mfalme Philip II alishindwa kulipa madeni mara nne: 1557, 1560, 1575 na 1596. Fedha ilikuwa inashuka bandarini ikiwa tayari ni ya mabenki wa Genoa na Augsburg. Mwaka 1575 akasimamisha malipo, askari wake kule Flanders, Ubelgiji ya leo, wakakaa bila mshahara, na 1576 wakaingia Antwerp wakaipora, mji uliokuwa moyo wa biashara yake yeye mwenyewe.

Huyo si maskini. Ni mtu aliyepata mgodi akaanza kukopa kwa dhamana ya mawe ambayo hayajapasuliwa.

#16 Mchimbaji Geita
Nimeguswa binafsi. Niliuza gramu zangu za Machi mwezi Desemba.

#17 Kapteni wa Goziba
Ngoja niwaeleze deni linavyomla mtu, halafu mtanitafutia dola yake.

Mwaka niliotoka kwenye mtumbwi wa kasia nilipewa injini na nyavu na wakala wa samaki. Hakuniandikisha riba hata senti. Sharti moja: samaki wote nawauzia yeye, bei anapanga yeye, mzani anashika yeye. Wengine wakinunua sangara kwa bei ya juu pale pale mwaloni, mimi naangalia. Nikijaribu kumuuzia mwingine usiku, kesho yake anakuja na vijana kuchukua injini. Nilivua miaka mitatu. Deni likawa linapungua kama maji ya ziwa, leo yameshuka, kesho yamepanda. Mtumbwi ulikuwa wangu, jina ubavuni nililiandika mimi kwa rangi nyekundu. Lakini mwenye mtumbwi alikuwa nani?

#18 Mhasibu Asiyelala
Kapteni, umeeleza Dola ya Uthmaniya bila kujua. Mturuki alichukua mkopo wake wa kwanza wa nje 1854, katika vita ya Krimea. Miaka 21 tu, 1875, akashindwa kulipa. Mwaka 1881 wadai wa Ulaya wakaundiwa ofisi yao ndani ya nchi yake, ikakusanya mapato moja kwa moja: chumvi, tumbaku, stempu, pombe, hariri na, sikiliza vizuri, KODI YA SAMAKI. Mvuvi wa Istanbul alikuwa anavua, Sultani yupo kasri, na fungu la kodi linakwenda kwa mwenye hati fungani Paris.

Dola hiyo ilikaa miaka mingine arobaini hivi na jina lake ubavuni.

#19 Mama Ntilie Igogo
Mimi sina historia ya Waturuki, nina ya kausha damu. Nilichukua laki tatu kwa ajili ya mtaji wa mchele. Marejesho kila Jumatatu. Wiki ya nne mvua, wateja hakuna, nikachukua kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Wiki ya saba wa tatu kumlipa wa pili. Walinibebea friji na sufuria zangu mbili kubwa mchana kweupe, wateja wanakula. Mmoja akamalizia wali wake kasimama.

Sasa niambieni nyie wasomi: mimi nilianguka kwa sababu ya deni, kwa sababu ya mvua, au kwa sababu biashara ilikuwa tayari haitoshi kodi ya fremu? Maana hata leo sijui.

#20 Kijana wa Mabatini
Pole sana mama. Huyo aliyemaliza wali kasimama alilipa?

#21 Mama Ntilie Igogo
Hakulipa.

#22 Mpemba wa Capripoint
Mifano iko mlangoni, mnakwenda Genoa kutafuta nini? Zanzibar. Forodha ya Sultani ilikodishwa kwa nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, kwa miongo kadhaa. Sultani anachukua fedha mapema, mwenye forodha anakusanya. Sultani Sayyid Majid alikuwa na deni kubwa kwao. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja. Baada ya hapo pwani ikaenda: 1888 ikakodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, 1890 ikauzwa moja kwa moja kwa marki milioni 4. Mwaka huo huo Zanzibar ikawa chini ya Mwingereza. Dola ilikopa mpaka ikauza mlango wake wa mbele.

#23 Mwalimu Mstaafu Nyegezi
Hapana, Mpemba. Tarehe ziko sawa ila uzi uliozifunga sikubaliani nao. Mwaka 1885 Sultani Barghash alipokataa madai ya Wajerumani bara, manowari zao zilikuja zikatia nanga mbele ya kasri. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikaa wenyewe wakampimia Sultani ukanda wa maili kumi. Hata angekuwa hadaiwi hata rupia moja, mizinga ingekuwa pale pale. Ukitaka mfano wa deni hasa, nenda Misri: Khedive (mtawala wa huko) Ismail aliuza hisa zake za mfereji wa Suez kwa Mwingereza mwaka 1875, karibu pauni milioni 4, mwaka uliofuata wadai wakamwekea tume ya madeni, na 1882 jeshi likaingia.

#24 Mpemba wa Capripoint
Mwalimu, aliye na deni hanunui mizinga ya kujibu. Tuliache hapo maana tutagombana na ziwa ni moja.

#25 Daktari wa Zamu
Napita tu, zamu inaanza saa mbili. Hakuna aliyetaja tauni. Roma ilipigwa na maradhi tangu 165 mpaka karibu 180, yakarudi mengine miaka ya 250. Walipa kodi wakifa, na wanaolima wakifa, mfalme anabaki na askari wale wale na mapato nusu. Kuchakachua sarafu hapo ni homa. Ugonjwa ni mwingine. Mgonjwa akiletwa na homa simwandikii "kafa kwa homa".

#26 Fundi Saa Makoroboi
Daktari, homa nayo inaua.

#27 Daktari wa Zamu
Inaua, ndiyo. Nimechelewa.

#28 Mjamaa wa Zamani
Mleta mada kamtaja Mwingereza na hakuna aliyemgusa. Baada ya kumshinda Napoleon 1815 Uingereza ilikuwa na deni karibu mara mbili ya pato lake la mwaka. Kwa hesabu zenu ingekufa. Ndiyo kwanza ikaanza karne yake ya kutawala dunia, mpaka hapa ziwani ikafika. Japani leo deni lake limezidi mara mbili ya pato na maduka yao yako wazi. Tofauti ni anayekudai ni nani, na una kazi gani ya kumlipia.

#29 Msomi wa Buzuruga
Mjamaa umesimulia nusu ya kwanza ya mechi. Baada ya vita ya pili Mwingereza yule yule alikopa dola bilioni 3.75 kwa Marekani mwaka 1946, deni alilolimaliza kulipa Desemba 2006. Mwaka 1949 pauni ikashushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Halafu 1956 akaivamia Misri kwa ajili ya Suez pamoja na Ufaransa na Israeli, pauni ikaanza kuyumba, na Rais Eisenhower wa Marekani akamkatalia msaada mpaka aondoe majeshi. Akaondoa. Hakushindwa jangwani, kashindwa dirishani benki. Miaka mitano baadaye bendera yake ikateremshwa Dar es Salaam.

#30 Mjamaa wa Zamani
Bendera iliteremshwa kwa sababu watu waliidai, siyo kwa sababu ya pauni. Usimnyime Nyerere na wazee wa TANU, wakiwemo wa hapa Mwanza waliokuwa wakikusanya senti zao kwenye ushirika wa pamba.

#31 Msomi wa Buzuruga
Nimekosea kusema kama vile ni sababu moja. Sifuti lakini.

#32 Mzee wa Igombe
Hapo juu Kapteni kagusa mfumuko wa bei. Roma ilijaribu kuuzuia kwa amri: kaisari Diocletian mwaka 301 alitangaza bei za juu kabisa za bidhaa chungu nzima, ukizidisha unauawa. Bidhaa zikapotea sokoni. Nilipoyasoma haya nikacheka peke yangu, kwa sababu 1983 wakati wa vita ya wahujumu uchumi, serikali ikisaka waliofichia watu bidhaa, baba yangu mdogo alikuwa na katoni za sabuni chumbani. Aliposikia msako umefika mtaa wa pili, usiku akazibeba kwa baiskeli safari nne na kuzitupa ziwani. Sabuni. Mwaka ambao sisi tulikuwa tunafulia majani ya mpapai.

Na msisahau kilichotangulia. Vita ya Kagera ilitugharimu, inasemwa, kama dola milioni 500, na hakuna aliyeturudishia. Tulishinda, kisha tukapanga foleni ya sukari.

#33 Dagaa Mchele
Mzee, samaki wa Igombe mwaka ule walitakata 😂

Nami niongeze la Kongo maana ndiko riziki yangu. Mobutu mwaka 1992 alitoa noti ya zaire MILIONI 5. Mwaka uliofuata akaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na watu wa Kasai wakaikataa kabisa, wakaendelea na za zamani. Mobutu kaanguka 1997. Leo mteja wangu wa kule analipa dola za Kimarekani, na ukimpa chenji ya noti yenye tundu la sindano tu au iliyochanika pembeni kidogo, anairudisha. Anainyoosha juani kama anakagua yai. Kwa hiyo anayesema dola inakufa aje Mwaloni amweleze huyo.

#34 Mjukuu wa Magu
Sasa Dagaa Mchele, huyo si ndiye aliyeniambia Marekani inakwisha?

#35 Dagaa Mchele
Ndiye. Anaamini dola inakufa na bado hataki kingine. Muulize.

#36 Kapteni wa Goziba
Uganda 1987 walikata sifuri mbili kwenye shilingi yao, na juu ya hapo kila fedha uliyobadilisha ilikatwa asilimia 30. Mzee wangu alikuwa anapeleka samaki wa kukausha Masaka, alikuwa na sanduku la noti. Alirudi na bahasha. Lakini serikali iliyofanya hivyo ndiyo ilikuwa imeingia, na ndiyo ipo mpaka leo. Kwa hiyo sarafu ilikufa BAADA ya tawala za waliotangulia, na mazishi yake yakalipiwa na wauza samaki.

#37 Mhasibu Asiyelala
Kuhusu Marekani, ya kuangalia ni haya. Rais Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu Agosti 1971, ilikuwa dola 35 kwa wakia. Sehemu ya dola kwenye akiba za benki kuu za dunia imetoka karibu asilimia 71 mwaka 1999 hadi chini ya 60. Na mwaka wa fedha 2024 riba ya deni lao ilizidi bajeti ya ulinzi. Hapo ndipo mimi hukumbuka Antwerp. Ila anakopa kwa fedha anayoichapa mwenyewe, jambo ambalo Mturuki na Misri hawakuwa nalo.

#38 Fundi Saa Makoroboi
Kuchapa na kuchakachua vinatofautiana nini?

#39 Mhasibu Asiyelala
Wino.

#40 Mchimbaji Geita
Ndiyo maana nawaambia dhahabu. Hata Benki Kuu yetu siku hizi inanunua.

#41 Muuza Mabondo
Wewe si ndiye umekula gramu za Machi?

#42 Mpemba wa Capripoint
Na 1204 je? Konstantinopoli iliporwa na wapiganaji wa msalaba kwa sababu Alexios mdogo aliwaahidi marki 200,000 za fedha wamrudishie kiti cha baba yake, akashindwa kumaliza kulipa. Hilo nalo mtasema ni homa?

#43 Daktari wa Zamu
Nimetoka zamu. Hilo ni ajali ya bodaboda.

#44 Mkusanyaji
Mleta mada, hizo za T nazihitaji. Natoa elfu hamsini kwa moja. Njoo faragha.

#45 Mwalimu Mstaafu Nyegezi
Mjukuu usiuze. Na usizisugue kwa majivu wala ndimu, zitapoteza ile ngozi yake.

#46 Mjukuu wa Magu
Asanteni wakuu. Nilimpigia bibi nikamsomea baadhi ya majibu, akasikiliza mpaka kwenye habari ya Kapteni na injini. Akauliza kama huyo kijana alishapata injini yake mwenyewe. Kuhusu elfu hamsini akasema zirudi koponi, zote kumi na moja, na anajua nina moja mfukoni. Ya ndimu nilishachelewa Mwalimu, hiyo moja niliisugua jana.

#47 Kapteni wa Goziba
Mwambie bibi nilipata, ila ni ya mtumba na inavuja mafuta.

#48 Mama Ntilie Igogo
Dagaa Mchele, wewe uliye Mwaloni, sado leo shingapi? Sasa ni giza, dagaa wanapatikana, na bado wanatuuzia kama kuna mbalamwezi.